Posho ya Rehani

Mjomba wangu Mikidadi alikuwa mtu wa kusinzia mchana. Ukimkuta kibarazani, ukungu unapanda kutoka bondeni, macho yake nusu wazi na midomo inachezacheza, ungedhani anavuta uradi. Mimi nilijua yuko safarini. Vita vya Mjerumani vilimchukua kijana asiye na ndevu, vikamtwisha mzigo kichwani, na ingawa alirudi mzima, nadhani mzigo wenyewe haukushuka. Nilimpenda, ila alinichosha pia, maana kila hadithi ya vita aliikatiza mahali pamoja, kwenye mto Rufiji.

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia kijiji cha Ujamaa, chini barabarani, upande wa Mkuyuni. Watu walinung'unika, wakafunga virago, wakashuka. Bi Mwanaasha peke yake akakataa. Alimwambia mwenyekiti kwamba kaka yake Rehani alichukuliwa upagazi kutoka nyumba ile, na njia ya kurudi anayoijua ni ile ile. Akija akakuta magofu, atamwuliza nani? Mwenyekiti, mtu mpole aliyelazimika kuwa mkali, akaanza kuhesabu miaka kwa vidole, vidole vikamwishia. Akampa wiki mbili. Zikipita, mgambo wangeezua paa, mwenyewe awe ndani au nje. Kisha akamtuma mjomba akamsihi, kwa kuwa yeye na Rehani walikwenda vitani pamoja.

Tulipanda asubuhi. Migomba ilidondosha maji, na ukungu ulitufungulia njia hatua mbili tatu, ukaifunga tena nyuma yetu. Mjomba alitangulia, midomo ikimchezacheza. Nilifikiri anapanga maneno ya mwenyekiti.

Bi Mwanaasha aliitikia shikamoo yangu, akatuletea chai ya mchaichai. Mjomba hakuigusa. Akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeota, na safari hii alipofika Rufiji akavuka.

Rehani alikufa kwa kuhara, kwenye mvua, ng'ambo ya mto. Walimfunika kwa majani bila hata kumswalia, maana msafara haukumngoja mtu, na mzigo wake wakagawana. Jioni karani wa posho akaita majina kama kawaida. Aliyeitikia alipimiwa kibaba cha unga. Wapagazi walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifa hawakumwambia karani. Mmoja aliitikia jina la marehemu, wakala unga wake ili wapate nguvu ya kubeba mzigo wake. Basi Rehani alipoitwa, mjomba alijifunika blanketi, akaitikia. Aliitikia siku tisa, mpaka Waingereza walipowateka.

Yangeishia huko huko. Lakini katika siku hizo, mtu mmoja wa kwao aliyekuwa safu ya nyuma alisikia jina la Rehani likiitwa na kuitikiwa. Akatoroka, akafika nyumbani kabla ya wote, akatoa habari njema: Rehani yu hai, nimemsikia kwa masikio yangu. Mama mtu akapiga vigelegele. Mjomba aliporudi alimkuta mama huyo ameshatenga jogoo wa kumpokea mwanawe. Akasema walipoteana njiani. Mama akafa akingoja, na binti akarithi kungoja kwake.

"Aliyeitikia ni mimi," mjomba alisema. "Kaka yako tulikuwa tumeshamwacha."

Sikufichi, saa ile nilimchukia. Miaka yote hiyo ya mtu, kwa ajili ya unga! Bi Mwanaasha alitazama nje, kule ambako ukungu ulikuwa unaachia mlima pole pole.

"Ulishiba?" akauliza.

"Sikushiba, dada."

"Siku tisa," alisema. "Basi matanga ya kaka yangu yatakuwa siku tisa. Unga utaleta wewe."

Mwenyekiti aliposikia kuna msiba alishusha pumzi, akasema mgambo hawaezui nyumba yenye matanga. Shehe akamswalia Rehani sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali. Kila asubuhi mjomba, na uzee wake wote, alipanda mlima na unga kichwani. Nilimwomba nimpokee, akakataa. Habari ya posho ilikuwa imeenea, na watani, ambao kazi yao msibani ni kuchekesha, hawakukosa. Mmoja alijitwisha kinu, akazunguka uani akimlilia karani kwamba hajapimiwa posho, hata Bi Mwanaasha akacheka mpaka akashika mbavu. Mjomba hakucheka. Wala hakuonja chochote katika nyumba ile. Alishusha unga, akakaa na wanaume, akarudi na njaa yake.

Siku ya tisa, virago vya Bi Mwanaasha vilikuwa tayari mlangoni. Akaja na sahani ya ugali na kunde, akaiweka mbele ya mjomba, akaketi kumtazama. Mjomba akatikisa kichwa.

"Kula, Mikidadi," alimwambia. "Leo mwenye posho anajua."

Mjomba akanawa mikono. Alikula taratibu, machozi yakimtiririka, akaimaliza sahani yote.