Gitaa la Kwenye Lifti

Hivi wewe, kile kitu unachokipenda kuliko vyote umekificha wapi, na unasubiri ruhusa ya nani ndipo ukitoe?

Jibu taratibu, hakuna anayekukimbiza. Wapo watu wazima, wenye watoto na mvi za kwanza, waliofungia furaha yao kabatini mpaka siku bosi atakapotia sahihi. Mmoja wao ni fundi wa lifti anayeitwa Waya. Jina hilo alipewa kazini, kwanza kwa sababu anashughulika na nyaya kutwa nzima, na pili kwa sababu yeye mwenyewe kwa wembamba hana tofauti nazo. Siku hizi hata mama yake mzazi humwita Waya, kisha hujisahihisha kwa aibu.

Kazi ya Waya iko barabarani. Yeye na mwenzake, Bonge, hupakia spana, makopo ya grisi na kamba za chuma kwenye pikapu ya kampuni, wakazunguka mji hadi mji wakihudumia lifti za hospitali, hoteli na maofisi. Akitoka nyumbani, majuma hupita. Zamani alisafiri na gitaa lake kubwa, mpaka siku Bonge alipolitupia sanduku la vifaa bila kuangalia, shingo ikavunjika. Waya aliiunga kwa gundi na uvumilivu, gitaa likapona, lakini tangu hapo likatundikwa nyuma ya mlango wa chumbani na koti la mvua likatundikwa juu yake. Akajiapiza kwamba atalipiga tena siku atakayohamishiwa kwenye karakana ya makao makuu, awe analala kwake kama binadamu wengine. Kila mwaka anaomba uhamisho. Kila mwaka ofisi inamjibu kwa upole kwamba labda mwakani. Na kwa upole huo huo ofisi ikamnyamazisha mtu, bila hata kujua kwamba alikuwa na sauti.

Hata zile siku chache anazokuwa nyumbani haligusi. "Nikilizoea nitaumia nikiondoka," humwambia mkewe. Mkewe hushona sare za shule hapo sebuleni, na mdomo wake huwa umejaa pini, kwa hiyo mara nyingi hamjibu. Humtazama tu.

Juma hilo walikuwa na kazi katika mji wao wenyewe, kwenye hospitali ya ghorofa sita. Saa ya mapumziko Waya alivuka barabara kwenda kununua betri za tochi, na mle dukani, kati ya miavuli na mipira, akaliona gitaa. Lilikuwa dogo mno. Tumbo lake lilikuwa jembamba, shingo fupi, na lilikuwa na mfuko wake wa kubeba mgongoni. Kabla hajajizuia, macho yake yalishalipima: lingeingia chini ya kiti cha pikapu, mahali ambapo sanduku la Bonge halifiki.

"Hili ni la mtoto?" akauliza.

"Mtoto wa nani?" Mwenye duka, mama wa makamo, hakuinua macho kutoka kwenye soksi alizokuwa akizipanga. "Ni gitaa la safari. Lina nyuzi sita kama mengine. Hesabu."

Waya akahesabu kweli.

"Sauti yake ikoje?"

"Kaka, mimi nauza miavuli. Lipige mwenyewe usikie."

Akalipiga. Lori likapita, jirani akaongeza sauti ya redio, na Waya hakusikia kitu zaidi ya vidole vyake kumuuma. Vilikuwa vimelainika kwa kukaa muda mrefu bila kugusa nyuzi.

"Ningepata mahali palipotulia," akasema.

"Na mimi ningepata kuwa malkia. Haya, nenda nalo mpaka kesho asubuhi, lakini uniachie kitu."

Waya hakuwa na kitu zaidi ya drili yake, akaiweka juu ya meza. Mama akaipima uzito kwa mkono mmoja. "Ukichelewa naanza kutoboa. Kuna rafu nimeambiwa itatundikwa tangu mume wangu ana nywele."

Sasa, mafundi hawa wana desturi yao. Wakimaliza kuhudumia lifti, Bonge hukaa juu kabisa kwenye chumba cha mashine, na Waya huingia ndani ya lifti na glasi ya maji. Glasi huwekwa katikati ya sakafu, lifti ikapandishwa na kushushwa, mlango ukifunguka kila ghorofa. Maji yakitulia, kazi imekwisha. Yakitikisika, kuna reli kavu au boliti iliyolegea. Kipimo hiki hakimo kwenye kitabu chochote cha kampuni, lakini hakijawahi kuwadanganya.

Alasiri hiyo Waya aliingia na glasi, simu ya upepo, na gitaa. Akajibanza pembeni, mgongo ukutani, akagusa nyuzi. Loo, kumbe. Sauti ilimrudia kutoka pande zote nne, nene, imejaa, kana kwamba lile gitaa dogo limeleta ndugu zake wote. Akaufuata wimbo wa zamani, ule alioutunga mwenyewe wakati anamchumbia mkewe. Kwanza akapiga, halafu akaimba chinichini, halafu akasahau kuimba chinichini. Kila ghorofa mlango ulifunguka, ukaachia kipande cha wimbo, ukajifunga.

Kisha akaitazama glasi.

"Bonge, maji yanatikisika."

"Haiwezekani," simu ikajibu. "Hizo reli nimezipaka grisi mwenyewe."

"Nakwambia yanatikisika."

Bonge akazima mashine, akakagua, akakaza, akawasha. Waya akaendelea na wimbo. Maji yakatikisika zaidi. Bonge akazima tena, akalala kifudifudi akamulika chini, akawasha. Maji yakawa kama yanachemka. Hapo Bonge akasema anakuja mwenyewe, na akaja kwa ngazi, akihema kiasi kwamba muuguzi mmoja alimuuliza kama anahitaji kitanda.

Mlango ulipofunguka ghorofa ya tatu, Bonge aliitazama glasi. Akalitazama gitaa. Kisha akautazama mguu wa Waya, na buti lake zito, linalogonga sakafu kufuata mapigo.

"Huo mguu ni wa nani?"

Waya akauangalia kana kwamba ameuokota.

"Nimekaza boliti zilizokuwa zimekaza," Bonge akasema polepole. "Nimelalia tumbo. Mimi, na tumbo hili."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Sikusamehe. Piga tena ule wa mwanzo."

Lakini Waya hakupata nafasi, kwani watu walishakusanyika. Muuguzi alikuwa akimsukuma mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu. "Sisi wa ghorofa hii tumepata mwanzo tu," akalalamika, "halafu mlango ukajifunga."

"Bora wewe," mzee akasema. "Mimi nilikuwa juu, ghorofa ya tano, kabla sijashushwa kwa lifti ya pili, nimepata katikati. Nimepewa wimbo hauna kichwa wala miguu."

"Wewe mzee usiseme habari za miguu," muuguzi akamwambia. "Goti limetengenezwa vizuri kabisa, na tunakubembeleza uuchezeshe huo mguu, hutaki."

"Nitauchezesha nikiwa na sababu."

Nyuma yao alisimama mama wa usafi na ndoo yake. "Fundi, na mwisho unaishaje? Nimesimama hapa mpaka sakafu imekauka."

Waya akaona haya. Akasema unaishia vizuri tu, akaokota glasi yake, akashuka kwa ngazi.

Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Alishaamua. Sebuleni mkewe alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na marundo ya kaptula na sketi, mapazia yameshushwa, vitambaa vimetundikwa hata ukutani. Waya akaketi juu ya rundo mojawapo, akafungua mfuko, akakohoa kidogo kama wafanyavyo wanamuziki, akapiga.

Likalia kama mbu aliyefungiwa ndani ya kibiriti.

Mkewe akasimamisha cherehani. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, kisha ndipo akacheka, maana hakutaka kuzimeza.

"Baba watoto. Ndilo lenyewe?"

"Mchana lilijaza hospitali nzima."

"Ulilipigia wapi?"

Waya akalipangusa gitaa vumbi lisilokuwepo.

"Nauliza ulilipigia wapi."

"Kwenye lifti."

"Kwenye sanduku la chuma." Mkewe akapangusa macho kwa kipande cha sketi. "Mume wangu, hata mimi nikipiga chafya kwenye lifti najisikia mwanakwaya."

Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Yeye, anayekula kwa kusikiliza chuma, asiyehitaji kuona boliti ili ajue imelegea, alikuwa amesikiliza kuta akadhani anasikiliza gitaa. Akalirudisha mfukoni, akafunga zipu.

"Kesho nalirudisha," akasema. "Si kitu. Uhamisho ukija mwakani nitaliteremsha lile kubwa."

Kicheko kikatoweka usoni mwa mkewe.

"Uhamisho," akasema.

"Safari hii wamesema kuna dalili."

"Sikiliza. Mimi nimecheka mbu wako, sijakukataza kumfuga. Unajua kinachoniudhi ni nini? Siyo safari, maana hizo safari zinatulisha. Kinachoniudhi ni kwamba ukirudi, unarudi nusu. Zamani ulikuwa unanipigia gitaa nashona, mpaka cherehani inafuata. Siku hizi unakaa hapo kama mgeni aliyekuja kusubiri basi. Ile ofisi yenu wana gitaa?"

"Hawana."

"Wanajua kupiga?"

"Yule bosi? Hata mluzi hawezi."

"Sasa unawaomba ruhusa ya nini?"

 Waya akageuka kuutazama mlango wa chumbani, na lile pindo la koti la mvua lililochungulia kando yake. Hakumbuki mara ya mwisho koti hilo lilipolowa.

"Lakini hili lina sauti mbaya, mama watoto. Umesikia mwenyewe."

"Basi lirudishe kwa sababu lina sauti mbaya. Usilirudishe kwa sababu ya mwakani." Akarudisha pini moja mdomoni, kumaanisha kikao kimefungwa.

Asubuhi iliyofuata Waya alitoka mapema, gitaa mgongoni, bado hajui analirudisha kwa sababu ipi. Duka lilikuwa limefungwa. Bonge alikuwa tayari kwenye pikapu nje ya hospitali, mizigo imefungwa turubai, maana safari ya mji unaofuata ilikuwa inawangoja. Palibaki kukabidhi lifti tu. Waya akaingia ukumbini, akabonyeza kitufe, akasubiri.

Kabla lifti haijafika, akasikia sauti. Ilitoka juu, nyuma ya mlango wa chuma, ikashuka ghorofa baada ya ghorofa ikizidi kunenepa. Sauti ya mwanamke. Na wimbo ulikuwa wake.

Mlango ukafunguka. Mama wa usafi alikuwa amesimama katikati, ameegemea mpini wa dekio, macho ameyafumba, anaimba kwa kifua chote. Pembeni yake alikuwepo yule mzee kwenye kiti cha magurudumu, na muuguzi nyuma yake akiitikia. Ndoo ya maji ilikuwa sakafuni, ubavuni mwa kiti.

Hakuna aliyetoka.

"Mnashuka?" Waya akauliza.

"Tunakwenda ghorofa ya tano," mzee akasema.

"Hapa ni chini."

"Tunapitia."

Mama wa usafi akafumbua macho, na hakuona haya hata chembe. "Fundi, bora umekuja. Nimegundua kumbe humu ndani hata mimi nina sauti. Ila nikifika pale mlango ulipofungwa jana, nakwama. Unaishaje?"

Waya akazitazama zile kuta nne. Akafikiria hoteli iliyokuwa ikimngoja mji unaofuata, na mahakama ya mji ule mwingine, na mabenki na maofisi, kote alikokwenda miaka yote hii akiwa amefunga mdomo. Kila mahali palikuwa na sanduku kama hili. Na kila sanduku lazima lipandishwe na kushushwa, na mtu wa kukaa ndani akasikiliza ni yeye. Gitaa halikuwa limemdanganya. Lilikuwa limemwambia tu linataka kuishi wapi.

Akatoa simu ya upepo. "Bonge, yule mama wa miavuli akifungua, mwambie atundike kwanza rafu yake. Drili sina haraka nayo. Nakuja kumlipa gitaa lake."

"Na safari?"

"Tunaondoka. Ila nikitoka kwa mama huyo tupitie kwangu, namtafuta mke wangu dakika moja kabla cherehani haijaanza. Kuna koti la mvua nyuma ya mlango nataka kulitundua."

"Mvua ya wapi, jua lote hili?"

Waya alikuwa ameshazima. Akaingia, mlango ukajifunga, akafungua zipu ya mfuko. Akaanzia pale mama wa usafi alipokwama, yule mama akamdaka, na lifti ikaanza kupanda ikiwa imejaa mpaka pembeni. Walipopita ghorofa ya pili, kwa mazoea ya kazi, macho ya Waya yakaenda sakafuni. Maji kwenye ndoo yalikuwa yanatikisika. Akautazama mguu wake upesi, akaukuta umetulia. Ulikuwa mguu wa mzee, ule wa goti, umeteremka wenyewe kutoka kwenye kiti, na kandambili yake ilikuwa ikigonga ubavu wa ndoo, ikifuata mapigo bila kukosea.