Barua Iliyopitia kwa Mkuu

Nilikuwa na diploma ya sheria na miezi minne ya stage, yaani mafunzo ya kazi, katika ofisi ya Serikali hapa Lubumbashi, ofisi inayokagua vyakula vinavyoingia mjini. Mama mmoja mkaguzi, ambaye meza yake ilitazamana na yangu, aligundua kwamba mkuu wetu anatia sahihi vyeti vya unga wa mahindi bila gunia hata moja kufunguliwa. Alipofungua moja mwenyewe, alikuta ukungu.

"Maître," aliniita hivyo kwa utani, kama wakili, maana mahakamani sijawahi kusimama, "kama nasema, sheria itanichunga? Bakinituma mbali, nani ataosha mama yangu?"

Mama yake alikuwa amepooza, nyumbani kwao Naviundu.

Ningeweza kumjibu tu: sijui. Badala yake nilisoma sheria ya watumishi mara tano. Niliona mengi juu ya utii na siri ya kazi, machache juu ya kumkinga mtu kama yeye. Nikaogopa wasije wakamwadhibu kwa kumruka mkuu. Basi nilipomwandikia barua ya kwenda kwa mkurugenzi wa jimbo, niliongeza juu, kama katika kila barua ya ofisi: "kupitia kwa Mkuu wa Kitengo".

"Lakini njo yeye namushitaki!"

"Ndiyo, mama. Ni lazima aipitishe. Asipoipitisha, kosa ni lake."

"Weye na vitabu vyako!" Akacheka. Kisha akaipeleka, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Katibu aligonga muhuri wa kupokea, nami nikautazama muhuri ule kama ngao. Barua haikutoka tena kwa mkuu. Wiki tatu baadaye yule mkaguzi alipewa mutation, uhamisho wa kwenda mbali, Kambove, kwa mahitaji ya kazi. Niliikagua karatasi ile. Haikuwa na kosa.

Siku yake ya kuondoka nilimkuta nyumbani akimwonyesha mke wa kaka yake namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza.

"Huyu nani?" mama mzee akauliza kitandani.

"Ni avocat yangu, mama."

Eti wakili! Wote watatu wakacheka, nami nikacheka. Sikumwambia yule mkaguzi kwamba angeweza kwenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka. Nililijua hilo siku ile ile nilipoandika barua, lakini niliogopa kwamba huko wangemuuliza ni nani aliyemwandikia.