Jiwe la Mama Kabatini

Katika shule ya misheni, Mkisi, mtu wa ufukweni mwa ziwa, nilikuwa mimi peke yangu. Wasichana wengine walikuwa Wanyakyusa wa migombani. Nikikaa nao kula, mmoja aliziba pua: "Jamani, usipa umefika!" Usipa ni samaki wadogo wa kwetu ziwani. Nilicheka nao, halafu nikala upesi nikaondoka.

Kwa hiyo mwalimu alipofungua Chumba cha Kazi za Zamani, nilifurahi kupita kiasi. Alisema meli ya serikali ya Wadachi inaleta majembe na sufuria, kazi za mikono zitakufa, basi kila mmoja alete chombo cha kwao kihifadhiwe. Msichana mmoja alileta mvukuto wa babu yake mhunzi, akasifiwa mbele ya darasa. Nami nikatamani kusifiwa.

Likizo ilipofika nilichukua jiwe la mama kutoka kibuyu alimolihifadhi. Sikuomba. Ni jiwe dogo jeusi la kung'arishia vyungu kabla ya kuvichoma. Bibi alimwachia yeye, na bibi naye aliachiwa na mama yake. Upande mmoja lina bonde lililolika kwa vidole gumba vyao. Kwetu jiwe kama hilo haliazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Mwalimu alilisifu kweli. Akaliweka kabatini na karatasi: "Jiwe la wafinyanzi wa zamani." Siku mbili wasichana waliniuliza habari za vyungu. Ya tatu wakanisahau.

Mwezi uliofuata mama alipita shuleni akitoka sokoni Ngana. Nilipiga magoti.

"Ugonile?" mama aliniuliza kwa lugha yetu kama nimelala salama.

"Nagonile, mama."

Alitua mzigo. Vyungu vingi vilikuwa bado humo, na vyote vina mikwaruzo.

"Wateja wananicheka. Eti, 'Mama, siku hizi unafinyanga kwa kucha?'" Akacheka kidogo mwenyewe. "Jiwe langu limepotea, mwanangu. Nimelitafuta mpaka kwenye majivu. Hukuliona?"

"Sikuliona."

Akanipa samaki aliowafunga kwenye jani la mgomba, akajitwika vyungu vyake, akaenda.

Wiki nzima nilikusanya maneno. Mwishowe nikamfuata mwalimu. "Lile jiwe, mwalimu... mama bado anafinyanga."

"Si aokote jingine? Ufukwe mzima ni mawe!" Akarudia kusoma kitabu chake.

Basi nikafanya alivyosema. Jumapili nilishuka ziwani nikaokota jiwe jeusi la ukubwa uleule. Zamu yangu ya kufagia chumba ilipofika, nikaliweka kabatini, la mama nikalitia kifuani. Mpaka leo wageni wakija mwalimu huwaonyesha lile la ufukweni, anawaambia limepita mikono ya vizazi vingi. Wageni hutikisa kichwa kwa heshima. Mimi hutazama chini, sina wa kumnong'oneza.

Likizo iliyofuata nilirudisha jiwe ndani ya kibuyu chake, mama akiwa amekwenda kuchimba udongo. Aliporudi akalikuta. Alitia kidole gumba kwenye lile bonde, akakaa, akavuta chungu kibichi, akaanza kazi. Nilikaa karibu naye nikingoja aniulize. Ningemwambia yote. Alimaliza chungu, akachukua kingine. Hakuniuliza.

Siku hizi vyungu vyake vinang'aa tena. Lakini nikiwa nyumbani jiwe halikai kibuyuni. Akimaliza kazi hulifunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili, ndipo anageuka kuniambia nikoleze moto.