Gunia la Lengalenga

Asubuhi moja niliondoka bila kujua niendako, barabara ikanifikisha kijijini Kashuga. Kwenye mlango wa nyumba nilipoomba chumba palikuwa na gunia la udongo lililoota lengalenga, mchicha wa kwetu. Harufu yake ilinirudisha utotoni.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mama zetu walikaa nje ya kanisa, wakimsikiliza mwalimu wa kilimo. Alijaza gunia udongo na samadi, akalitoboa ubavuni, akapanda mboga. Alituonya tusiue vyura, kwa kuwa wanakula wadudu.

"Mama, vita ikikuja tutabeba bustani?" niliuliza.

Wanawake walicheka. "Huyu mutoto iko na akili kupita mwalimu!"

Sasa najua gunia lilikuwa la watu wasio na shamba. Lakini siku tuliyokimbia vita nililikumbatia la kwetu, nikavuta, nikalia. Mama alichuma majani machache, akayafunga kwenye kitenge.

"Achilia, mutoto wangu. Udongo haukimbii."

Mwenye nyumba wa Kashuga alinionyesha chumba cha nyuma. Nilimsifu kwa mboga zake.

"Si yangu, kaka. Ni ya wenye walikuwa hapa wakakimbia, mbele sisi tufike."

Kisha akainama, akatuchumia mboga za jioni.