Nilibeba Mtoto wa Plastiki Mpaka Ugweno

Kosa ni langu, simsingizii shetani wala wenzangu wa bweni. Ukitaka kucheka cheka tu, hata mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Ila nusura nipoteze mume kwa ajili ya mtoto wa plastiki!

Nasoma uuguzi na ukunga, chuo kimoja huku Same. Tuna chumba cha mazoezi chenye madoli ya kujifunzia. Lipo la mama anayejifungua, upo mkono wa kuchoma sindano, na kipo kitoto kichanga cha kujifunzia kumpa pumzi mtoto aliyezaliwa hapumui. Kitoto hicho jamani! Unakijaza maji, kinakuwa na uzito wa mtoto wa kweli. Kina vipira pembeni. Mwalimu akiminya kimoja kinalia, akiminya kingine kinapumua. Asipominya, ujue kinakufia.

Mikononi mwangu kilikufa, mbele ya darasa zima! Shingo sikuiweka sawa, hewa nikaipeleka sijui wapi. Nikaambiwa nirudie mtihani Jumatatu.

Basi Ijumaa nikafanya ujinga wangu. Nikakichukua bila kuomba, pamoja na barakoa na mfuko wake wa hewa, ili nikafanyie mazoezi nyumbani. Nikakivisha kofia ya sufu, nikakifunga mgongoni kwa kitenge. Maji sikuyamwaga, maana kikiwa kitupu kinalegea kama soksi na mlinzi angeshtuka. Mlinzi mwenyewe akaniambia, "Mkaze vizuri dada, shingo inacheza hiyo." Mimi huyo, Ugweno kwetu!

Pale stendi ya Mwanga, natafuta bodaboda ya kupanda mlimani, nikakutana uso kwa uso na shangazi wa mchumba wangu. Mchumba wangu ni fundi seremala wa kijiji cha Kighare, mpole, mwanakwaya. Tangazo la ndoa yetu lilishasomwa kanisani mara ya kwanza. Walutheri wa huku mnanielewa: ukionekana na mtoto kabla ya ndoa, matangazo yanasimama, unatengwa, huimbi, meza ya Bwana huisogelei mpaka utubu mbele ya watu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Na huyo mgongoni?"

Hapo ndipo nilipoharibu! Ningesema ni doli, yangeisha. Lakini shangazi ni shoga wa mwalimu wetu wa ukunga, nikajiona nimeshafukuzwa chuo. Hata kusema ni mtoto wa rafiki yangu sikukumbuka! Mdomo ukajisemea wenyewe, "Amelala, shangazi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Haya. Mungu ni mkubwa." Akaondoka, simu tayari iko sikioni.

Jumamosi asubuhi niko chumbani nafanya mazoezi yangu, nikasikia vigelegele uani. Weee! Kina mama wa mtaa mzima, shangazi mbele, na chupa za uji, maziwa, sufuria ya ndizi na nyama, jogoo kafungwa miguu. Wamekuja kumwona mzazi! Mama yangu, katoka kukata majani ya ng'ombe, akabaki na mundu mkononi.

"Mwanangu, umezaa lini? Pasaka si ulikuwa hapa na tumbo limebonyea?"

Kabla sijajibu, shangazi kashaingia chumbani na kukipakata. Kidole kikagusa kipira. Kikalia! Vigelegele upya!

"Mbona wa baridi hivi?" shangazi akauliza. Akakilaza pajani akifunue, kizibo kikachomoka, maji yakaanza kumtiririka.

"Amenikojolea! Baraka hiyo!"

Wakacheka. Maji yakaendelea. Yakaendelea tena! Kitenge chote kimelowa, sakafu imelowa, na mtoto anapungua! Tumbo likaingia ndani, miguu ikawa bapa.

"Mtoto anaisha!" Shangazi akapiga yowe, akakirusha.

Nikakidaka. Sijui akili ilikwenda wapi, nikakilaza mezani, nikaweka shingo sawa, nikabana barakoa, nikaminya mfuko wa hewa. Kifua kikapanda vizuri kuliko siku zote! Mama mmoja alikuwa keshapiga magoti anaomba.

"Ni doli!" nikapayuka. "Ni la chuo, ni plastiki!"

Mama yangu akaachia kicheko, akakaa chini kwenye maji. Wote tukafuata. Shangazi alicheka kashika ukuta. Na uji wa mzazi nikanyweshwa, bakuli kubwa, maana walisema hawaurudishi.

Bado tunacheka pikipiki ikasimama uani. Mchumba wangu akashuka, macho mekundu, kwapani kablanketi kapya ka mtoto. Nikamkimbilia nje. Mbali na mimi, pale uani yeye peke yake ndiye aliyejua kwa hakika kwamba hajawahi kunigusa.

"Shangazi alinipigia jana," akasema. Nikafungua mdomo, akainua mkono. "Ngoja nimalize. Nimetoka kwa mwinjilisti sasa hivi. Nimemwambia ni wangu. Kwaya wamenisimamisha. Nimeona bora tutengwe wote wawili kuliko usimame mbele ya watu peke yako. Mtoto hana kosa."

Jamani, jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwekea lile doli mikononi. Akaligeuza, akalitazama, akaminya kipira. Likalia. Akaketi kwenye kigoda akacheka, machozi yanamtoka, na mimi nikajua si yote ya kicheko.

Mwinjilisti hajatuelewa mpaka leo. "Kijana, mtu haungami dhambi asiyoitenda," anasema. Tulimpelekea doli lenyewe alione. Akalikagua, akasema hilo ni doli kweli, sasa mtoto mmemficha wapi? Matangazo yamesimama mpaka wazee wa kanisa wakae kikao. Sote wawili tunakaa benchi la nyuma, tumetengwa kwa ajili ya mtoto aliyemwagika sakafuni!

Chuoni nilijisema mwenyewe. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akaivaa na kunifutia mtihani. Narudia mwaka.

Wenzangu wa vyuo, vifaa vya mazoezi ombeni, mtapewa. Na ukiulizwa umebeba nini, sema palepale, aibu ikupate na iishe. Mimi nilidanganya kwa neno moja nikapanda bodaboda nikaenda kulala fofofo. Kumbe huko Kighare kuna mtu alikesha peke yake akiamini nimemsaliti, na kulipokucha akaenda kununua blanketi.