Bunduki Niliyoikataa

Nilipokuwa mtoto kule Katuba, baba yangu mzazi aliniita "Baba". Nami msichana wa kung'oka meno! Nilikuwa nimepewa jina la babu yangu, Kabwe, na kwetu anayebeba jina la marehemu hubeba na heshima yake. Nikisusa uji, mama alicheka akisema baba mkwe wake leo ameamka vibaya.

Babu aliwinda maisha yake yote, akafa kitandani, vidole vyake vyote vizima. Baba hakuwa na bahati hiyo. Bunduki yake ya pupu, zile zinazofuliwa na mafundi wa vijijini na kushindiliwa baruti mdomoni, ilimpasukia porini ikamwachia kovu shavuni. Hata hivyo, kiangazi kilipoingia alianza kuulizia nyingine. Nyama aliyoleta ndiyo tuliyokula, na mama alilijua hilo. Lakini ni yeye aliyeliuguza lile shavu, akamwekea baba sharti, akininyoshea mimi kidole.

"Enda na baba yako kule Kasomeno. Yeye ndiye atachagula. Kama anakatala, haulete hata moya mu hii nyumba."

Huko Kasomeno, fundi alilaza bunduki tatu juu ya gunia. Moja ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba, imesuguliwa mpaka inang'aa, na macho ya baba yaliganda hapo. Mimi niliona shavu lake tu. Wazee waliamini kwamba marehemu huuongoza mkono wa mwenye jina lake, kwa hiyo nikangoja babu auongoze wangu. Haukwenda popote. Nilishikwa na woga.

"Hapana," nikasema. "Zote hapana."

Fundi akaangua kicheko. "Lakini papa, mutoto anajua nini mu mambo ya bunduki?"

"Huyu haiko mutoto," baba akamjibu. "Iko baba yangu."

Nilidhani atanikonyeza. Wapi! Alivua kofia, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ileile ya upole aliyokuwa akizungumza nayo na babu.

"Baba, unaogopa nini?"

"Itakupasukia tena."

Aliinuka, akavaa kofia. Kisha akamwomba fundi azishindilie zote, wazifunge kwenye kisiki mojamoja, na kuvuta kifyatulio kwa kamba, sisi tukiwa nyuma ya kichuguu. Fundi alinuna, akadai hajawahi kudharauliwa namna hiyo, lakini alitaka kuuza. Ya kwanza ililia vizuri. Ile ya shaba ikapasuka, na kipande cha chuma kikachana gome la mti mahali ambapo kichwa cha baba kingekuwa. Ya tatu nayo ikalia vizuri, nami nikaichagua hiyo. Ilikuwa fupi na mbaya kwa sura, ila nilipiga hesabu zangu za kitoto kwamba baba akifukuzwa na nyati, haitamchelewesha.

Fundi alinipa mkono, akainama kidogo. "Aksanti, mukubwa."

Mpaka leo wako wanaosimulia kwamba babu aliuona ufa wa ile bunduki ya shaba kwa macho yangu. Siwabishii, maana sijui. Ninachojua ni kwamba mimi sikuona ufa wowote. Niliogopa, basi, kama mtoto yeyote, na kwa ajili ya jina la marehemu, mtu mzima aliacha shughuli zake akanisikiliza. Nikikumbuka alivyochuchumaa pale vumbini, nampenda upya.

Baba aliwinda na ile fupi mpaka miguu ikachoka, na yeye pia akafa kitandani. Mwanangu wa kiume amepewa jina lake. Juzi mdogo wangu, anayelima Kasomeno, alinipigia simu: anatafuta bunduki, na anataka mtoto akamchagulie. Nilikubali.

"Lakini akikatala, usimucheke," nikamwambia. "Chuchumaa, umuulize anaogopa nini."

Hakucheka.

"Ndiyo, babu," mdogo wangu akanijibu.