Mkono Niliouvusha Ruvuma Umefichwa

Niliondoka Maposeni kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza naenda wapi, isipokuwa shangazi. Baba alichukuliwa bomani Songea baada ya vita vya Maji Maji, hakurudi. Mama na wadogo zangu walikwenda na njaa iliyofuata, maana askari wa Wadachi walichoma vihenge vyote, hata mbegu. Nami nilikuwa na kazi inayoningoja nchi ya Wareno, ng'ambo ya mto Ruvuma. Kazi ya ualimu. Msicheke. Shule niliisoma misimu miwili tu kwa mapadri, lakini siku zile aliyejua kuunganisha herufi alikuwa msomi.

Kazi yenyewe niliipatia sokoni Songea. Myao mmoja mfanyabiashara, Bwana Chande, alikuwa na cheti cha boma asichojua kinasema nini. Nikamsomea. Akaniambia, "Kwetu Wareno wanaleta karatasi, sisi tunatia dole gumba tu. Mvua zikiisha, njoo ufundishe watoto wetu. Nyumba na chakula juu yangu."

Mvua hazijaisha, nikaumia. Nilikuwa napasua gogo la mninga kwa kabari. Ufa ukafunguka, nikatia mkono wa kulia nitoe kibanzi. Kabari ikaruka, gogo likafumba. Vidole viwili vikabaki humo, na cha tatu kikapona kimenyooka, mpaka leo kinaonyesha watu njia wasiyoiuliza. Gogo lile lilitoa mbao nzuri sana, mlango wa shangazi ulitoka humo, ila hayo si ya safari.

Shangazi alikuwa dada wa baba, mwanamke mkali. Alinikanda kwa maji ya moto na majani anayoyajua yeye. Kila asubuhi alitandaza majivu barazani, nikajifunza kuandika upya kwa mkono wa kushoto. Herufi ziligeukia nyuma kama mbuzi wasiotaka kuvuka maji.

"Unaandika, au unachora njia ya mchwa?" aliniuliza.

"Naandika, shangazi."

"Haya, andika jina langu."

Nikaandika. Yeye kusoma hajui, lakini alilitazama kwa muda. "Limelala ubavu," akasema. Kweli lilikuwa limelala.

Siku ya kuondoka, alfajiri, alinipa muhogo mkavu na neno moja. "Ukifika kwa watu, onyesha mkono kwanza, halafu omba radhi. Usifiche." Nikaitika. Nilipopita shamba la mwisho, nikaufunga mgolole na mkono nikautia ndani. Mkono uliofungwa kitambaa cha jeraha siku zile ulikuwa ushahidi. Askari akiuona alisema ni risasi, wewe ulikuwa vitani. Tena nilimwogopa Bwana Chande kuliko askari. Nani anaajiri mwalimu asiye na mkono wa kuandikia?

Siku ya kwanza sikukutana na mtu. Nilipita vijiji viwili vyenye mafiga tu na majani yaliyoota ndani ya kuta. Nikawa nasoma herufi kwa sauti, nisikie mtu akisema.

Siku ya pili jioni, kabla ya kufika kijiji cha Muhukuru, nikaona moshi. Mzee na mkewe, wawili tu. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Wakanikaribisha, mama akasonga ugali mdogo, wakaweka maji.

"Nawa, mwanangu," akasema mzee.

Sasa hapo. Mkono wa kushoto katika sahani ya watu ni tusi, na wa kulia ulikuwa ndani ya mgolole. Nikasema, "Nimeshiba, baba."

"Umeshiba? Katika nchi hii? Nani huyo kakushibisha, tumfuate na sisi?"

Mama akasema taratibu, "Anadhani tumetia kitu."

Mzee akamega tonge, akalila mbele yangu, akafungua kinywa nione. "Haya. Mimi si nakula?" Nikatazama chini. Wakala bila kuniangalia tena. Nililala ndani ya kihenge kilicho kitupu, tumbo linalia, na kulipopambazuka nikaondoka bila kuaga.

Siku ya nne nikafika Ruvuma. Mwenye mtumbwi akaniuliza naenda kwa nani. "Sina ndugu huko," nikasema. "Basi kaa katikati," akajibu, "usituyumbishe."

Kwa Bwana Chande nilipokewa kwa kitanda kipya. Sahani ilipoletwa, nikasema kwetu walimu hula peke yao. Uongo huo ulinikalia shingoni miezi mitatu. Wanaume walikula barazani kwa vicheko, mimi chumbani na ukuta. Wakaniona nina majivuno, wakaacha kunitania. Asubuhi niliwafundisha watoto, mkaa juu ya ubao, kwa mkono wa kushoto, wa kulia ungali ndani ya mgolole.

Siku moja Bwana Chande akaniita, wazee wamekaa. "Mwalimu, watoto wetu umewafundisha nini? Jana binti yangu kampokea babu yake bakuli kwa kushoto. Nikamchapa, akasema mwalimu ndivyo anavyofanya. Wote wanaandika hivyo. Wote."

Sikuwa nimefikiri. Mtoto humwiga mwalimu mkono na herufi pamoja. Nikautoa mkono, nikaufungua mbele yao.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenirudisha."

"Wallahi ningekurudisha," akasema. "Lakini sasa hata mtoto mdogo anasoma jina langu kwenye gunia. Nitamrudisha nani?" Wazee wakacheka. Bwana Chande akaagiza maji, akaninawisha mwenyewe vidole vilivyobaki. "Kidole gumba unacho, cha shahada unacho. Tonge linataka ngapi? Bismillahi, sogea." Tangu siku hiyo nilikula barazani, na watoto nikawafundisha upya, nimesimama kando nikisema, "Fuateni herufi zangu, si mkono."

Nilirudi baada ya mavuno matano, Wadachi wangali bomani. Niliharakisha kufika ile nyumba ya karibu na Muhukuru, nimebeba chumvi. Mama alikuwa anapepeta mahindi, peke yake.

"Wewe," akasema. "Uliyekataa ugali wetu."

Nikatoa mkono. Aliushika, akaugeuza, akahesabu vidole kama mtu anayehesabu kuku.

"Kwa kitu hiki tu?"

"Kwa hicho, mama. Baba yuko wapi?"

"Alikufa masika yaliyopita. Unga ule ulikuwa wa mwisho, tulipika kwa ajili yako. Mpaka anakufa alikuwa ananiuliza, yule kijana tulimkosea nini."

Akaingia ndani, akasonga ugali, akaleta maji. Nikanawa vidole vyangu vitatu, nikala wote, na yeye akiniangalia. Nilijifunza kuandika kwa mikono yote miwili, na nimefundisha wengi. Lakini mzee yule sikumjibu, na swali lake hunijia kila ninaponawa.